Kuku wa Bwana Akida

Mume wangu alikuwa mwalimu kabla hajawa akida, na mimi nilimpenda akiwa mwalimu. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu watu wakisikia neno akida hukunja uso, na wana haki. Enzi ya Mdachi, akida ndiye aliyekuwa mkono wa serikali huku milimani: anadai kodi, anaamua kesi, anatoa watu wa kwenda kuchimba barabara. Lakini huyu wa kwangu alikuja Uluguru na chaki mfukoni, na chaki ile ilinichafulia nguo zangu zote mwaka wa kwanza wa ndoa.

Alikuwa mtu wa pwani. Serikali ilimleta kufundisha shule ya mjini Morogoro, karibu na boma, kisha wakampandisha mlimani kufungua shule ndogo kijijini kwetu. Nasema shule kwa heshima tu. Lilikuwa banda la miti na nyasi, na mvua ikinyesha watoto walijibana upande mmoja kama mbuzi. Siku aliyofika alikuwa anahema, viatu kavishika mkononi, akaomba maji kwa mama yangu. Mama akampa togwa. Alikunywa kata nzima bila kupumua, akafuta mdomo, akasema, "Mama, mimi huku sitoki." Mama akacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikacheka pia, na akanisikia.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa aweza kuja kukaa kwa mkewe, na ndivyo alivyofanya. Tulijenga nyumba karibu na ya mama, kwenye mteremko aliokuwa akilima magimbi bibi yangu. Kwa hiyo mwalimu, pamoja na elimu yake yote, alikuwa mgeni wetu, naye alilijua hilo. Siku moja tunakula, akauliza, "Hivi nikifa huku, nani atanizika? Sina ndugu, sina ukoo." Alisema kwa mzaha, lakini mkono wake ulisimama kwenye ugali. Mama yangu alikuwa nje ya ukuta anapepeta mahindi, maana kwa adabu ya ukwe hakukaa mkeka mmoja na mkwewe. Akajibu kutoka hukohuko nje, "Una watani, baba. Kula."

Watani wetu ni watu wa ukoo wa ng'ambo ya mto. Tangu mababu, wao wanatutukana na sisi tunawatukana, wanachukua vitu vyetu bila kuomba na sisi tunachukua vyao, na hakuna kukasirika. Ila mtu wetu akifa, wao ndio wanaochimba kaburi na kumzika, na sisi tunawafanyia vivyo hivyo. Mfiwa hashiki jembe. Yeye analia tu, na watani wanafanya kazi huku wanamchokoza mpaka acheke na machozi yake. Na ukioa kwetu, watani wetu wamekuwa wako.

Aliyewashinda wote kwa utani alikuwa bibi mmoja mfupi, hana meno ya mbele, ndiye aliyenizalisha binti yangu wa kwanza. Huyu alikuwa anaingia darasani watoto wanasoma, anakaa kwenye kiti cha mwalimu, anachukua fimbo yake na kuuliza, "Haya, semeni! Huyu mwalimu wenu wa a, e, i, analima saa ngapi?" Watoto hoi kwa kicheko. Mwalimu naye alicheka mpaka anafuta machozi kwa mkono wenye chaki, uso unabaki mweupe kama mwali anayetoka ndani. Akitoka hapo bibi alipitia nyumbani, anakamata kuku, anamtia kwapani. "Mwambie mumeo kuku wake nimemwoa mimi!" Nami nikipita kwao nilijibebea mkungu wa ndizi. Kuku hawakuisha wala ndizi hazikuisha.

Jioni, akisharudi, alinifundisha kuandika. Aliandika kwa mkaa kwenye ganda la mgomba, nami nafuatisha. Mkono wangu ulikuwa mgumu kwa jembe, herufi zinaenda kama jongoo aliyekanyagwa. Hakunicheka. Alikuwa anaushika mkono wangu ndani ya wake na kuuongoza polepole, na mara nyingine tulikuwa tumeshamaliza mstari bado ameushika. Maneno haya ninayoandika leo, uzee umenikalia, yanatoka kwenye mkono uleule.

Kisha akida wetu wa zamani akafa, na Bwana Mkubwa wa boma akatafuta mtu anayejua kusoma na kuandika. Mwalimu akaitwa mjini. Alirudi amevaa koti jeupe lenye vifungo vya shaba na kofia yenye alama ya serikali, nyuma yake askari, na juu ya askari hao ombasha mmoja, mkuu wao, mtu wa mbali asiyecheka hata kwa bahati mbaya. Niliwaona wanapanda mteremko nikasema, lo! huyu ndiye mume wangu? Nisiseme uongo, nilifurahi. Nilikwenda sokoni shingo imenyooka. Mama yangu alimtazama tu kwa mbali, akaniambia, "Koti zuri. Atalima nalo?"

Mwanzoni aliifanya kazi ile kama ualimu. Watu wawili wakigombea mpaka wa shamba, kila mmoja alitakiwa arudie maneno ya mwenzake mpaka ayaseme sawasawa, ndipo aruhusiwe kusema ya kwake. Wengi walichoka wakaenda kupatana nyumbani. Lakini boma likataka watu wa barabara, akawatoa. Wakarudi wamekonda, wengine migongo ina alama. Hakuwapiga yeye, ila yeye ndiye aliyewataja. Akaanza kuwa mkimya nyumbani. Mwalimu mwingine hakuletwa, banda la shule likaota magugu, na mfukoni mwake sikukuta tena chaki.

Sasa nifike kwenye kuku.

Ilikuwa asubuhi ya baraza. Watu wamejaa uwanjani kwetu, bendera iko juu, na kutoka bomani amekuja tarishi kuangalia kazi inavyokwenda. Mume wangu yuko kwenye kiti, ombasha kasimama kando yake. Yule bibi mtani akaja zake, akapita katikati ya watu, moja kwa moja kwenye kundi la kuku wangu, akakamata mtetea mmoja mweupe. Akamwinua juu. "Bwana Akida! Huyu ananitosha leo. Mkeo nitamfuata kesho!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi nilicheka nikashika ukuta.

Ombasha hakucheka. Aligeuka akamtazama mume wangu, na tarishi naye akamtazama. Nikaona masikio ya mume wangu yanabadilika rangi. Akasema, "Mkamateni. Ameiba mbele ya serikali."

Bibi alidhani anataniwa. Wallahi, alifurahi! Akanyoosha mikono yake miwili mbele ya askari, "Haya, nifungeni, nifungeni, leo nitakula ugali wa serikali!" Akaenda nao anachekacheka, anawapungia watu. Alicheka mpaka mlango wa ghala ulipofungwa kwa nje. Hapo nikasikia kicheko kimekatika.

Alilala humo. Asubuhi walipomfungulia alitoka, akajifunga vizuri kaniki yake, akapangusa vumbi. Mume wangu alikuwa amesimama barazani, nadhani alitaka kusema neno. Bibi akamwahi. Aliinama, mwanamke wa umri wa kumzaa yeye na kaka zake, akasema taratibu, "Shikamoo, Bwana Akida." Kisha akashuka mtoni kwao.

Nani asiyejua maana yake? Mkubwa akimwamkia mdogo wake vile, hamtanii. Amemtoa utanini.

"Ulijua!" nilimwambia ndani. "Ungekuwa mjinga ningekusamehe. Ulikuwa unamjua, unaujua utani, umeucheka miaka yote, na mtoto wako alipokelewa na mikono ile!"

Akasema, "Tarishi alikuwa ananitazama."

"Na mimi je, nilikuwa natazama wapi?"

 Alivua kofia akaiweka juu ya sanduku, akakaa akiitazama. Nilimhurumia nikamchukia, vyote pamoja, na nikampakulia chakula kwa kelele za vyombo.

Tangu siku hiyo hakuna mtani aliyetugusa. Walikuwa wakikutana naye njiani wanasimama pembeni, macho chini, "Shikamoo, Bwana Akida," wanapita. Hata mimi walinisalimia kwa adabu, adabu ya kuua mtu. Kuku wangu hawakuchukuliwa tena. Wakazaana, wakajaa uwanja, wakawa wanalala mpaka juu ya paa la jiko. Jioni mume wangu alikuwa anakaa kizingitini anawatazama. Siku moja akaniambia, "Wamekuwa wengi mno hawa." Nikasema ndiyo, wamekuwa wengi.

Masika iliyofuata mama yangu akafa. Alikuwa amekohoa tangu mvua zianze, na mpaka mwisho aliuliza kama mkwewe amekula. Alifariki alfajiri mkono wangu ukiwa kifuani pake. Kijana wa ukoo akatumwa ng'ambo ya mto kuwaambia watani.

Walikuja. Walikuja wote, wanaume na majembe yao, na bibi akiwa mbele. Lakini hawakuingia kwa makelele kama ilivyo desturi, hawakunyang'anya vyungu, hawakuniuliza nalilia nini wakati mama alikuwa mchoyo. Waliketi mstari mmoja pembeni ya uwanja, kimya, mvua nyembamba inawanyeshea. Mjomba wangu, kaka wa mama na mkubwa wa ukoo, aliwaendea. Mzee wao akamjibu kwa heshima zote, "Poleni sana. Sisi sasa ni raia wa Bwana Akida. Tunasubiri amri yake."

Mjomba akarudi. Tulielewa sote. Amri ikitolewa watachimba, maana hawana jeuri ya kuikataa serikali. Na mama yangu atazikwa na watu waliotolewa kazini kama wale wa barabara. Maiti imefungwa kwenye mkeka, jua linapanda nyuma ya mawingu, na sisi wafiwa jembe hatushiki.

Ombasha akasogea. "Bwana Akida, niachie mimi. Nikitoa kiboko watachimba sasa hivi."

Nilisimama.  Nikamwambia mume wangu mbele ya watu wote, "Mama yangu hachimbiwi kwa kiboko. Ukitoa amri hiyo, ukishamaliza kumzika shuka na njia. Nyumba hii ni ya ukoo wangu."

Akanitazama kidogo. Kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake jeupe, vifungo vyote vimefungwa, na kofia kichwani.  Nikasema basi, ameshachagua.

Akavuka uwanja, matope yanamrukia, akasimama mbele ya bibi. Akavua kofia. Akapiga magoti yote mawili ndani ya matope, na koti lile, akasema kwa sauti ya darasani, kila mtu akasikia, "Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia. Alikuwa anatazama pembeni kama anayesikiliza kitu cha mbali. "Nani huyo anayesema?"

"Ni mwalimu."

"Mwalimu yupi? Niliambiwa mwalimu alikufa. Nilishangaa sikuitwa mazishini."

Mtu mmoja upande wa watani alibanwa na kicheko puani. Mume wangu hakuinuka. "Sikufa, bibi. Nilipotea. Nakuomba unizikie mama yangu."

Ombasha alikuwa amefika nyuma yake. "Bwana Akida, simama. Kofia hiyo ni ya serikali."

"Najua ni ya nani," mume wangu akasema, na akaiweka mikononi mwa bibi.

Bibi aliigeuzageuza. Nilimwona midomo inamtetemeka, sikujua ni kilio au nini. Kisha akaivaa. Ilimshuka mpaka kwenye nyusi. Yule mama! Akasimama, akatoa sauti nzito ya kiume, "Leteni kiti! Baraza limefunguliwa! Nani amemruhusu mshitakiwa huyu kuvaa nadhifu kunizidi?" Watani walilipuka. Wakaruka wakamvua mume wangu koti, wakamvisha bibi, mikono inaning'inia, wakabeba kiti cha akida wakamkalisha. Akamshitaki pale pale. Kosa: kumwibia mzee usiku mmoja wa kulala kwake. Hukumu: hamsa ishirini, vile viboko ishirini na vitano vya Mdachi, kisha awatekee maji wachimbaji, kwa mtungi, kichwani.

Aliyapokea mapigo kwa ganda la mgomba. Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa anapiga na kuhesabu. "Moja! Mbili! Saba! Kumi na tisa!"

Na mume wangu, kalala kifudifudi kwenye matope, akainua kichwa, "Bibi, baada ya mbili ni tatu."

"Kumbe kweli ni mwalimu!" bibi akapiga kelele, na uwanja ukaanguka kwa kicheko. Nilicheka. Maiti ya mama yangu iko ndani, nami nilicheka mpaka nikakaa chini, na kicheko kikageuka kikawa kile kilio ambacho tangu alfajiri kilikuwa kimegoma kutoka. Wanawake wa upande wa watani wakaja mbio kunishika, wananiambia nyamaza, una sura mbaya ukilia.

Walichimba. Mtani mmoja akajilaza kaburini akisema pana baridi nzuri, hatoki mpaka apewe kuku, na akapewa. Mume wangu alipanda na kushuka mtoni na mtungi kichwani, maji yanammwagikia, hajui kuubeba, na kila akipita anatukanwa. Tulimzika mama kabla jua halijatua, kama inavyotakiwa, kwa mikono ya waliopaswa kumzika.

Ombasha hakungoja. Alishuka Morogoro jioni ileile.

Hawakuchelewa kumwita. Aliondoka na koti lake nililolifua, limebaki na madoa ya udongo mwekundu, na kofia kaishika mkononi. Nilibaki nawaza mnyororo. Nilikuwa naona watu wanapanda njia nakimbilia kizingitini, si yeye. Aliporudi alikuwa na shati tu. Bwana Mkubwa alimwambia kwamba mtu anayevuliwa kofia na kikongwe hawezi kutawala watu, na kwamba serikali haitamtaka tena, akida wala mwalimu. Alinieleza haya amesimama, kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza pesa.

Nikamwambia, "Kaa ule."

Akaanza kufundisha tena, lakini kwake mwenyewe, ndani ya nyumba ya mama iliyokuwa tupu. Mjomba alikubali. Watoto walikuja, si wengi. Baadhi ya waliokwenda barabarani hawakumletea watoto wao, hawakumsamehe mpaka wanakufa, na mimi siwalaumu. Naye hakuwalaumu. Alikuwa akiwaona njiani yeye ndiye anayesimama pembeni.

Lakini kuna jambo lilikuwa linamla, nikalijua kwa jinsi alivyokuwa akiwatazama kuku. Utani wa msibani ni wa msibani; watani walikuwa wamekuja kwa ajili ya mama. Tangu siku ile hakuna aliyefika nyumbani kuchukua kitu. 

Asubuhi moja mvua imekatika, yuko mlangoni anapangusa ubao, tukasikia makelele nyuma ya jiko, kuku wanatawanyika. Bibi akatokea pembeni ya nyumba, mtetea kwapani, anapepesuka kwenye utelezi.

"Shikamoo, bibi," mume wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Marahaba, mwanangu." Hakusimama. "Na usinicheleweshe. Kuku wenyewe wamekonda kama mwenyewe!" Akateremka njia ya mtoni, kuku analalamika.

"Kuku wetu huyo!" nikapiga kelele nyuma yake, maana ndivyo inavyotakiwa.

Mume wangu alimfuata kwa macho mpaka migomba ikamficha. Kitambaa cha ubao kilikuwa kimemwanguka, hakukiokota. Alipogeuka kunitazama uso wote ulikuwa na chaki, na chaki imelowa.

"Sasa nina wa kunizika," akasema.

Nikamwambia aache maneno ya kufa asubuhi yote hii, watoto wanamngoja.